Mpiga picha mwenzako si mke mwenza

Haya msomaji wangu, wiki imezunguka na mimi huyo nimerudi kijiweni. Na yule mpangaji mwenzako aliyekuwa anaingia ndani usiku wa manane kumkwepa mwenye nyumba, keshalipa kodi au bado anazima taa saa moja? Basi vuta kigoda. Leo sina habari za nyumba ndogo wala za mawifi. Leo nataka kusema na jamaa zangu wa kamera. Na wewe usiye na kamera usifunue ukurasa, maana siku ukimwoza mwanao hela itakayoungua ni yako.

Mambo yenyewe yalianza Jumamosi mbili zilizopita. Nilialikwa harusi hapa hapa Dar es Salaam. Ukumbi umejaa, ndafu imetulia mezani inasubiri hukumu, MC anatamba. Kulikuwa na vijana wawili wapiga picha. Mmoja kaletwa na upande wa bwana harusi, wa pili kaletwa na mashangazi wa bibi harusi, na hakuna aliyewaambia kwamba watakuwa wawili. Kila mmoja kasimamisha taa yake kwenye mguu wa chuma, zile flashi za kisasa zinazowashwa kwa mawimbi ya redio bila waya.

Basi bwana, kila huyu akibonyeza kamera yake, flashi ya yule inawaka. Yule akibonyeza, ya huyu inawaka. Picha nyingine zinatoka nyeupe pee kama shuka la hospitali, nyingine zinatoka giza kwa sababu flashi ilikuwa bado inajaza moto. Badala ya kuulizana, vijana wakaanza kutoleana macho. Kila mmoja anaamini mwenzake kaja kumhujumu. Mara viwiko vikaanza. Ilipofika zamu ya kulishana keki, mmoja akasukuma, wa pili akajibu, na bibi harusi alipofungua kinywa kupokea kipande, wapiga picha wote wawili walikuwa wanatazamana wao kwa wao, wanatukanana kwa kunong'ona. MC akadaka kipaza sauti: "Jamani wapiga picha wetu, keki ni ya maharusi, nyie msilishane ngumi!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka, nilijiona mwenyewe pale. Wakati wa chakula nikawaita wote wawili mezani kwangu, nikawaomba vile vidude vyao vya kuwashia flashi. Vya kampuni moja, na vyote viko kwenye chaneli ile ile vilivyotoka nayo kiwandani. Kubadili chaneli ni kazi ya dakika moja. Saa mbili nzima za uadui, na dawa yake ilikuwa swali moja tu: "Kaka, wewe uko chaneli ya ngapi?"

Wakaniuliza, "Mzee, wewe umejulia wapi mambo haya?" Nikawaambia kaeni, kuleni pilau, niwape mkasa wangu. Na wewe msomaji nakupa ule ule, kwa sababu una aibu ndani yake na nimechoka kukaa nao peke yangu.

KABLA YA KALAMU

Kabla sijaanza kuchafua karatasi kwa kalamu, mimi nilikuwa natafuta ugali kwa kamera. Miaka ile ya tisini mpiga picha alikuwa mtu. Watu hawakuwa na simu za kujipiga. Ukitaka mama yako kule kijijini aone umenenepa, lazima unitafute mimi. Nilikuwa na kamera aina ya Yashica, flashi moja inayokula betri kama mlevi anavyokula mishikaki, na chumba kimoja cha studio kilichofungwa pazia lenye mchoro wa ndege na maghorofa. Mteja anasimama mbele ya pazia, nyumbani wanajua kaenda Ulaya.

Sasa mtaa ule ule kulikuwa na jamaa mwingine wa kamera. Jina lake naliweka mfukoni, tumwite Jirani. Yeye alikuwa na Zenit, ile ya Kirusi, nzito kama tofali, ukimpiga nayo mwizi unaenda kuijibia kituoni. Mimi na Jirani tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Sikukuu ya Idd tunagombania watoto waliovaa nguo mpya. Sabasaba tunagombania wageni kwenye viwanja vya maonyesho, mteja mmoja anavutwa na mikono minne. Nikisikia Jirani kapunguza bei, nami napunguza. Akisikia nimetoa picha ya pili bure, naye anatoa. Ilifika mahali sote tunapiga picha kwa hasara, ili mradi mwenzako asile. Akili hiyo jamani!

Mwaka 1996 nikapata tenda ya harusi Temeke. Bwana harusi alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Nafika kanisani, nimevaa shati jeupe, mkoba begani, namwona nani? Jirani na Zenit yake. Kaletwa na upande wa bibi harusi. Moyo ukanichemka. Nikajisemea, leo atanitambua.

Kwa sababu ya kumwangalia yeye, sikuangalia kazi yangu. Filamu ya kwanza ilikwishia nje, wakati maharusi wanashuka kwenye gari. Nikabadilisha haraka haraka nikiwa natembea, jicho moja kwenye kamera, jicho la pili kwa Jirani asije akaniwahi mbele ya madhabahu. Nikafunga mfuniko, nikavuta, nikaanza kupiga. Wanaingia: pa! Wanakaa: pa! Kiapo: pa! Pete: pa, pa, pa!

Halafu akaletwa mama wa bwana harusi. Alikuwa mgonjwa sana, walimtoa kitandani wakambeba kwenye kiti mpaka mbele. Akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo inatetemeka anamwombea. Kanisa zima kimya. Nikapiga tatu.

Ndipo nikasikia mtu ananivuta kwa nyuma. Jirani. Nikajua kaja kuleta soo. Akaniinamia sikioni: "Kaka, hebu angalia hicho kidude chako cha kushoto. Kwa nini hakizunguki?"

ULIMI WA MBUZI

Hapa nikueleze wewe uliyezaliwa na simu mkononi. Kamera za zamani filamu ilikuwa inatoka kwenye kikopo upande wa kushoto, inapita katikati, inajizungusha kwenye kigurudumu upande wa kulia. Ukisogeza filamu kwa mkono wa kulia, kile kishikio cha kurudishia filamu kilichoko juu kushoto lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, ujue ncha ya filamu haijashika kule kulia. Kamera itabonyezeka, itasema pa, namba zitahesabu moja mpaka thelathini na sita, flashi itawaka na watu watakutabasamia. Ndani hakuna kitu.

Nikajaribu kile kidude kwa kidole. Kikazunguka ovyo, hakina uzito wowote. Jasho jembamba likanitoka. Nikaenda nyuma ya nguzo, nikafungua mfuniko. Ncha ya filamu imelala pale imetoka nje kidogo kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Namba inasoma 31. Picha thelathini na moja, hakuna hata moja. Kiapo hakuna. Pete hakuna. Mama na mwanawe, hakuna.

Msomaji wangu, fundi cherehani akiharibu suruali atanunua kitambaa kingine. Mama ntilie akiunguza wali atapika mwingine. Mpiga picha utamwambia nani arudie? Utamwomba padre awafungishe tena? Utamwomba mama mgonjwa abebwe tena? Kazi yetu haina marudio, na ubaya wake mkubwa ndio huo.

Pale pale Jirani angeweza kunimaliza. Angesema neno moja tu kwenye kamati ya harusi, na mimi Temeke nzima ningekuwa kichekesho. Hakusema. Akanishika bega akasema, "Tulia. Funga filamu vizuri. Za pete ninazo, za mama ninazo, nimesimama pazuri. Ila mimi betri za flashi zinakufa, ukumbini sitafika mbali. Wewe shika ukumbi wote, mimi nitakaa karibu na mlango nipige wageni wanaoingia kabla jua halijazama. Kesho tunabadilishana negativu."

Basi siku ile tulifanya kazi kama tuliosoma darasa moja. Mimi nikiwa mbele, yeye yuko pembeni. Nikibadilisha filamu, yeye anabaki anapiga. Wala hatukukanyagana hata mara moja. Na nikuambie ukweli, zile ndizo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kumkabidhi mteja, kwa sababu zilikuwa na macho mawili. Mimi nilikuwa napenda kupiga watu waliokaa sawa wakiangalia kamera. Jirani alikuwa anasubiri watu wajisahau. Albamu ikawa na vyote.

Mpaka hapo mkasa ni mtamu, sivyo? Ngoja.

MUHURI

Negativu za Jirani nikazipeleka mjini kusafishwa pamoja na zangu. Zikatoka. Ile ya mama na mwanawe ilikuwa ya kukutoa machozi. Sasa mimi nilikuwa na muhuri wa mpira wenye jina la studio yangu, kila picha naigonga nyuma kabla ya kumpa mteja. Nikakaa mezani, nikagonga. Nikazigonga zangu, nikafika kwenye za Jirani. Nikasimama kidogo. Halafu nikazigonga nazo.

Nilijiambia ni albamu moja, mteja ni wangu, nani atauliza? Negativu ya mama sikuirudisha. Nilisema nitairudisha kesho, na kesho ikawa keshokutwa.

Kabla ya Krismasi mwaka ule mama yule akafariki. Familia wakaja studio mbio, wanataka ile picha ikuzwe iwekwe kwenye fremu, na nakala arobaini za kuwagawia ndugu. Nikazitengeneza. Nikalipwa. Jirani sikumpa hata shilingi ya nauli. Kule msibani watu wananishika mkono, "Mpiga picha hodari wewe, umetuachia kumbukumbu." Na mimi nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa.

Jirani naye alifika msibani, si alikuwa anafahamiana na upande wa mkwe? Nikamwona anasimama mbele ya ile fremu kubwa. Akaokota nakala moja mezani, akaitazama kwa muda, akaigeuza nyuma. Akausoma muhuri. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakusema kitu. Akairudisha mezani taratibu, uso juu, akaenda kukaa na wazee.

Miaka mitatu hatukusalimiana. Na usifikiri biashara yangu ilinawiri. Nikipata harusi mbili siku moja, sina wa kumwachia. Kamera ikiharibika, sina wa kuniazima. Wakati mmoja nililala na malaria siku ya sendofu ya watu, nikamtuma bwana mdogo mmoja asiyejua hata kupima mwanga. Gauni jeupe likatoka kama neti ya mbu, sura za watu nyeusi tii. Nikarudisha hela ya watu yote. Jirani yuko nyumba ya sita kutoka kwangu, mzima wa afya, na hana kazi siku ile.

Mwaka 1999 nikashindwa kuvumilia. Nikaweka hela kwenye bahasha, nikachukua ile negativu, nikaenda kwake jioni. Mkewe akanipokea, "Karibu shemeji, umepotea sana." Jirani akatoka, akaitazama bahasha, hakuifungua. Akasema, "Hela weka hapo. Lakini mimi sikukasirikia hela, kaka. Nenda kwa yule mzee, umwambie nani alimpiga mkewe picha ile."

Nilikwenda. Sina haja ya kukusimulia sura ya yule mzee mjane nilipomweleza. Aliitoa fremu ukutani, akaigeuza, akanipa kalamu. Nikaandika jina la Jirani nyuma, kwa mkono wangu. Mzee akaniuliza kitu kimoja tu: "Na miaka yote hii mlikuwa mnaishi mtaa mmoja?"

SI MAMBO YA SENDOFU TU

Baada ya hapo mimi na Jirani tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na kila harusi tulikwenda wawili. Vijana hudhani kushirikiana ni dawa ya wapiga picha wadogo, kwamba mkubwa hahitaji mtu. Hebu tuwatazame hao wakubwa.

Mohamed Amin unamfahamu? Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na hapa hapa mwaka 1963 ndipo alipoanzisha Camerapix, kampuni yake ya picha. Picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizopigwa Korem mwezi Oktoba mwaka 1984, zilitikisa dunia mpaka wanamuziki wa Uingereza na Marekani wakaimba kuchangisha misaada. Watu humtaja yeye peke yake, lakini taarifa ile ilibebwa na wawili: kamera ya Amin, na maneno ya Michael Buerk wa BBC. Mmoja bila mwenzake isingekuwa vile.

Na vitabu vyake vya picha? Tazama majalada. Kile cha Journey Through Kenya cha mwaka 1982 kina majina matatu: Mohamed Amin, Duncan Willetts mpiga picha mwenzake, na Brian Tetley mwandishi. Mwenye kampuni ni Amin, lakini jina la Willetts liko pale pale jaladani, halikugongwa muhuri juu yake. Mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, Amin alipoteza mkono, na fundi wake wa sauti, John Mathai, akapoteza maisha. Amin akawekewa mkono wa bandia akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilianguka baharini karibu na Ngazija, na Amin akafa humo pamoja na Tetley, yule yule mwandishi wa vitabu vyao. Mwaka ule ule mimi nagonga muhuri wangu Temeke. Nikikumbuka, nasikia haya mara mbili.

Vuka bahari. Mwaka 1947, vita kuu imekwisha miaka miwili tu, wapiga picha mashuhuri akina Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, David Seymour na George Rodger wakaanzisha Magnum. Hawa walikuwa majogoo, kila mmoja anaweza kula peke yake. Lakini magazeti makubwa yalikuwa yanachukua picha na haki yake yote, mpiga picha anabaki na mshahara tu. Wakaunda ushirika, mali ya wanachama wenyewe, na sharti lao kubwa likawa kwamba picha inabaki mali ya aliyeipiga. Capa aliuawa na bomu la ardhini Indochina mwaka 1954, Seymour akapigwa risasi huko Misri mwaka 1956. Ushirika haukufa nao, upo mpaka leo.

Na Afrika Kusini, kabla ya uchaguzi wa mwaka 1994, kulikuwa na wapiga picha wanne walioingia pamoja kwenye mitaa yenye risasi: Ken Oosterbroek, Kevin Carter, Greg Marinovich na João Silva. Walikwenda kwa pamoja kwa sababu ukiwa umeweka jicho moja kwenye kamera huoni kinachokujia ubavuni. Tarehe 18 Aprili 1994, huko Thokoza, Oosterbroek aliuawa na Marinovich akajeruhiwa vibaya. Kuwa wengi si hirizi ya kuzuia risasi. Lakini Marinovich alipoanguka, wenzake walikuwepo wa kumbeba.

Sisi wa harusi hatupigwi risasi, labda na wakwe. Ila hesabu ni ile ile. Unapotazama mbele, nani anakutazamia kidude chako cha kushoto?

MASHARTI YA UNYUMBA HUU

Sasa usije ukatoka hapa mbio ukamkumbatia kila mwenye kamera. Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi na Jirani, tuliporudiana, tuliwekeana masharti, na leo nawapa vijana, nikiongeza mambo ya kamera za siku hizi.

La kwanza, hela isemwe kabla ya kazi. Nani kaleta tenda, nani anasaidia, huyu anachukua ngapi na yule ngapi, nauli na chakula juu ya nani. Iandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu. Urafiki unaogopa kutaja hela hufia kwenye hela.

La pili, jina. Picha aliyoipiga mwenzako ukiionyesha popote, taja kaipiga nani. Wala si hisani tu. Tangu mwaka 1999 Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa, na aliyeipiga ana haki ya kutambuliwa. Mkubaliane pia mapema nani ataruhusiwa kuiuza tena. Mimi ningejua mapema kwamba picha ya harusi inaweza kugeuka picha ya msiba, ningeliuliza swali hilo siku ya kwanza.

La tatu, mteja wa mwenzako ni mteja wa mwenzako. Ukiitwa kusaidia, usigawe kadi yako chini ya meza. Mgeni akikuuliza namba, mpe ya aliyekuleta. Utaonekana mjinga siku moja, lakini mwaka mzima utaitwa.

La nne, gawaneni mahali. Mmoja akae mbele na lenzi fupi, wa pili akae mbali na lenzi ndefu. Mmoja awatazame maharusi, wa pili awatazame wazazi, maana kiapo kikisemwa machozi yako upande wa wazazi. Mkisimama bega kwa bega, mmeuza picha moja kwa bei ya wawili.

La tano, kabla hamjaanza, wekeni saa za kamera zote sawasawa, mpaka dakika. Zisipolingana, kesho mkizipanga kwenye kompyuta pete itavaliwa kabla bibi harusi hajafika kanisani. Na flashi, kila mtu chaneli yake.

La sita, usilale kabla picha hazijawa mahali pawili. Mwenzako akae na nakala zako, nawe ukae na zake. Memori kadi nayo ina ulimi wake wa mbuzi. Inakufa bila kuaga, na mwizi wa mkoba haombi ruhusa.

La saba ni la pwani. Kuna shughuli za kina mama ambazo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Hapo mpiga picha mwanamke ndiye mwenye kazi, wewe kaka utabaki nje na kamera yako ya mamilioni unapigwa na mbu. Badala ya kuikosa tenda nzima, kaa na dada mwenye kamera, muelewane. Yeye kwa wanawake, wewe kwa wanaume, mteja anapata harusi kamili.

Nanyi kamati za harusi, acheni mchezo wa kuleta wapiga picha wawili kimya kimya kama mtu anayeoa mke wa pili bila kumwambia wa kwanza. Mkitaka wawili, waambieni mapema wakutane. Mnawagombanisha wenyewe halafu mnalia keki haikupigwa.

Wale vijana wangu wa ukumbini walisikiliza mpaka pilau ikapoa. Mmoja akaondoka akarekebishe chaneli. Wa pili akabaki, akaniuliza, "Mzee, na hiyo negativu iko wapi sasa?" Nikamwambia iko kwa mwenyewe.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Miaka yote ile ya kupiga watu, mimi nina picha moja tu nikiwa kazini. Aliipiga Jirani siku ile ile kanisani. Niko nyuma ya nguzo, kamera imefunguka mfuniko, mdomo wangu nao umefunguka, natazama ndani kama mtu aliyekuta sufuria haina nyama. Alinitumia mwenyewe baada ya kupatana, akicheka. Nimeitundika sebuleni kwangu, na nyuma yake, msomaji wangu, hakuna muhuri wa studio yoyote. Kuna jina lake.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe mpangaji, lipa kodi ya watu.